Kwa Nini Mbwa Afe Kila Mara?

Jumamosi niliinama kwenye vitabu vya mitumba vilivyotandazwa kando ya Barabara ya Tom Mboya jijini Nairobi, nikitafuta kumbukumbu za maisha ya binadamu yeyote, nikakuta mbwa. Mbwa kwenye jalada hili, mbwa kwenye lile! Tangu John Grogan wa Marekani alipochapisha kumbukumbu za mbwa wake, Marley & Me, mwaka wa 2005, na filamu yake ikafuata mwaka wa 2008, kila mwenye mbwa amekuwa mwandishi. Hadithi ni ile ile: mbwa anatafuna viatu, bwana wake anajifunza kupenda, kisha katika sura ya mwisho mbwa anakufa, nasi tunabubujikwa na machozi ndani ya matatu. Ni lazima afe? Katika kila kitabu?

Na mbwa wetu ataandikwa na nani? Yule anayekesha na mlinzi langoni, chini ya kibao cha "Mbwa Kali", akinyeshewa mvua ya Aprili na kula ugali uliobaki, hana maisha ya kusimuliwa? Ninyi mliolelewa Buruburu na Umoja mnamkumbuka Simba (kila mtaa ulikuwa na Simba wake), aliyewasindikiza hadi kituo cha basi. Mbona hamwandiki habari zake?