Gitaa la Kadi Tatu

Sina ugomvi na tajiri, wala maskini sina ugomvi naye. Tajiri anaingia dukani, ananyoosha kidole, anafungiwa mzigo. Maskini anaokota kopo la mafuta, anapigilia ubao, anavuta waya za breki ya baiskeli, jioni watu wanamtunza. Anayeteseka ni mimi wa katikati, mwenye laki nne. Laki nne kwa gitaa ni pesa ya kuadhibiwa: ukiinunulia takataka inakuuma, ukitaka kitu cha maana haifiki.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kusema. Siku niliyotamka kijiweni kwamba natafuta gitaa kavu, lile lisilotumia umeme, Mbagala yote ikageuka bendi. Kinyozi akaniambia nitafute lenye nyuzi za chuma. Muuza chipsi, ambaye sijawahi kumsikia hata akipiga mluzi, akasema chuma ni cha wehu, nichukue nailoni. Wazee wakaanza kulilia galatoni zao za zamani, zile Gallotone za Afrika Kusini, na mmoja akaapa kwamba hata John Lennon wa Beatles alianzia nayo. Nikadhani ni kahawa inaongea. Kuchungulia kwenye simu, kumbe kweli! Gallotone Champion, tena ndani ina karatasi inayokuhakikishia kwamba halipasuki. Lennon anapewa dhamana ya kutopasuka, mimi Kariakoo naambiwa likishatoka dukani halirudi.

Akaja na jamaa mmoja mwenye mvi za mapema, akanivuta pembeni. Ati yeye alipiga na Mbaraka Mwinshehe, yule gwiji wa gitaa, Morogoro, na kwa elfu ishirini tu atanisindikiza dukani kunichagulia. Nikamwamkia upya, shikamoo ya heshima kabisa. Sasa, Mbaraka alifariki mwaka 1979. Na mimi huyu bwana nilipanga naye foleni ya kitambulisho, fomu yake niliiona: kazaliwa 1981.

Kwenye chuma na nailoni sikuhitaji mshauri, ushahidi ninao nyumbani. Shemeji yangu alinunua gitaa la nailoni, akaona sauti yake ni ya upole mno, kama mtu anayekuja kuomba mkopo, akalifunga nyuzi za chuma. Nyuzi sita za chuma zikikazwa sawasawa zinavuta kwa pamoja kilo 70 na ushee. Za nailoni karibu nusu yake. Yaani shemeji alimchukua mtu mzima, akamning'iniza kwenye kipande cha ubao kilichoshikwa na gundi. Siku ya nne, saa nane za usiku, ubao huo, wenyewe wanauita daraja, ukang'oka kwa mlio uliomfanya mama mkwe aingie uvunguni mpaka alfajiri.

Basi nikaenda Kariakoo peke yangu. Kijana wa duka akanipokea, "Karibu boss wangu," akanishushia gitaa linalong'aa kama jeneza la waziri. Jina lake linafanana na Yamaha kama mtoto wa nje anavyofanana na baba yake: ukiwa mbali huna shaka, ukisogea unaona kuna herufi imepotea. Akalipiga. Lahaula! Kalipiga mpaka wasukuma mikokoteni wakasimama. Ndio ujanja wao huo, kijana yule hata ukimpa ungo atakutolea rumba. Nikalishika mimi, likalia kama mlango wa choo cha stendi.

Sasa mwalimu wa kwaya mtaani kwetu, mtu pekee ambaye hakuniomba hela ya ushauri, alikuwa amenipa kipimo. Nenda freti ya 12, yaani kile chuma cha 12 kilicholala kwenye shingo ya gitaa, kati ya freti na uzi mnene zipite kadi tatu za benki zilizobanwa pamoja, basi. Hiyo ni milimita mbili na kidogo. Zikipita nne, tano, vidole vyako andaa sanda. Sawa mwalimu, lakini mtu wa laki nne kadi tatu za benki anazitoa wapi? Ninayo moja, na yenyewe kwenye mashine huwa inatoa karatasi tu. Nikaongezea kitambulisho cha NIDA na kadi ya bima ya mama watoto.

Nikainama, nikafumba jicho moja, nikaanza kuchomeka vitambulisho chini ya nyuzi. Kijana akanyamaza. Akamnong'oneza mwenzake. Mwenzake akaanza kushusha mlango nusu, taratibu, akijua nimetumwa na watu wa mapato. Mimi naendelea. Tatu zikapita. Nikaongeza leseni, ikapita. Nikaongeza kadi ya kliniki ya mtoto, iliyokunjwa, ikapita na chanjo zake zote.

"Boss, lakini hii ni mbao tupu," kijana akajitetea.

Hilo nalo mwalimu alishanifundisha: chungulia ukingo wa lile tundu la katikati. Kama ni mbao nzima, mistari ya usoni inashuka ukingoni bila kukatika. Kama ni plaiwudi, utaiona tabaka kwa tabaka kama chapati. Lile lilikuwa chapati. Ingawa hapa niseme ukweli, maana watu wanaitukana plaiwudi kama imewaibia: kwa jasho hili la Dar, na chumba cha bati kama changu, plaiwudi inavumilia. Mbao nzima inalia vizuri zaidi, sikatai, lakini masika inavimba, kiangazi inasinyaa, ukizubaa inapasuka. Mimi sikukasirikia chapati. Nilikasirika kuuziwa chapati kwa bei ya keki.

Halafu mbao zenyewe! Mpingo tunao sisi. Unakatwa Kilwa, unapanda meli, unakwenda kuwa klarineti Ulaya. Mti umeshapata viza, mimi bado natafuta nauli ya Mbagala.

Mwisho mwalimu akanihurumia, akanipeleka Kinondoni kwa mwanakwaya mwenzake anayeuza lake. Yamaha, herufi zote zipo. Plaiwudi, na kovu mgongoni, lakini shingo imenyooka kama rula. Mwalimu akagusa uzi kidogo juu ya freti ya 12, ukatoa kengele. Akabonyeza hapohapo akapiga tena, sauti ni ileile. Akasema zisipofanana ujue gitaa hilo ni muongo, na halitubu. Nikatoa kadi zangu. Tatu, zikakwama kidogo. Laki mbili na themanini.

Nikahesabu kichwani: nimebakiwa na laki na ishirini! Nikajiona Mwarabu. Mfuko wake, elfu arobaini na tano. Nyuzi mpya, maana za zamani zilishaota kutu, elfu ishirini na tano. Mkanda, elfu kumi na tano. Kapo, ile ya kubana shingo, elfu ishirini, na sijui bado nabana nini. Programu ya kutuni kwenye simu ni ya bure, ila ilikula bando la wiki. Kwenye daladala konda akaangalia mfuko, akaniangalia mimi. "Mzee, huyo mwenzako naye analipa." Nikalipa. Na akasimamishwa.

Saa tatu usiku watoto wamekaa mkekani, mama watoto kaegemea mlango na sufuria lake lililotoboka mkononi, hasemi kitu. Nikaanza kutuni. Simu ikasema panda kidogo. Nikapanda. Ikasema panda kidogo. Nikapanda. Uzi wa kwanza, ule mwembamba kuliko wote, ukakatika ukanichapa shavuni, na mtoto mdogo akapiga makofi akidhani ndio wimbo wenyewe.

Asubuhi nikarudi Kariakoo kutafuta uzi mmoja. Duka ni lilelile, kijana ni yuleyule.

"Mmoja hatuuzi, boss. Ni seti tu."

Kisha akachungulia mfuko wangu wa shati. "Leo kadi hujaja nazo?"