Mwani wa Zanzibar: kiwanda sawa, ila boti ziko wapi?

Ukisikia uchumi wa buluu Zanzibar lazima mwani utatajwa, na una haki yake, maana ukiacha utalii na karafuu ndo unaoingiza fedha za kigeni, na wakulima wake zaidi ya 20,000 wengi ni wanawake. Toka miaka ya mwisho ya 1980 pwani ya mashariki ya Unguja watu wamejenga nyumba na kusomesha watoto kwa mwani. Hautaki mbolea wala dawa, unafunga vipande kwenye kamba kwa tai tai (vile vikamba vidogo), unachomeka vigingi, kama wiki sita unavuna.

Sasa njoo upande wa pili. Inayolipa ni aina ya mwani inayoitwa cottonii, ila bahari inavyozidi kupata joto inaugua, inageuka nyeupe, inakatika, unakuta kamba tupu. Wengi wamebaki na aina nyingine, spinosum, hiyo inavumilia lakini bei yake ya chini, na kilo moja kavu inatoka kwenye kilo saba hivi au zaidi za mbichi, zote mtu kazibeba kutoka majini juani. Halafu wanunuzi wa kuhesabu, na mara nyingi hata kamba kakupa yeye huyo huyo mnunuzi, utabishana nae bei kwa ubavu gani?

Serikali ikaja na kiwanda kule Chamanangwe, Pemba. Wanaokitetea wana hoja nzito, mwani kavu unaondoka nchini kama ulivyo na hela inabaki kwa wanaotoa karajinani, ule unga unaotumika kwenye dawa ya meno na aiskrimu. Sikatai. Ila kiwanda nacho ni mnunuzi tu, kikinunua kwa bei zile zile basi faida imehama kutoka ng'ambo kuja kiwandani, pwani haijafika. (Sabuni ya mwani ya vikundi vya akina mama ndo inawaachia chochote cha maana, tatizo soko lake dogo.)

Cottonii inapona zaidi kwenye kina kirefu, na huko kunataka boti na kuogelea, na wengi wa hawa kina mama kuogelea hawajui. Boti zisipoandikwa kwa majina ya vikundi vyao na wakafundishwa, kazi itahamia kwa wanaume kimya kimya. Ndo maana mimi ningeanza na boti, kiwanda kifuate, kwa sababu hizo mashine nazo zitaidai hiyo hiyo cottonii.