Kabla ya Kununua Godoro Jipya, Tazama Balbu

Ukilalamika Nairobi kwamba hupati usingizi, utaambiwa ununue godoro la maana au upunguze mawazo. Godoro sina ugomvi nalo. Ila nionavyo mimi, mara nyingi chumba chenyewe ndicho kinachotukesha, na hakuna anayekishuku.

Anza na taa. Balbu nyingi tunazouziwa ni zile nyeupe pe zilizoandikwa 6500K (kipimo cha rangi ya mwanga) kwenye boksi, mwanga wa kufaa kinyozi. Mwanga huo umejaa samawati, na ukikumulika saa nne usiku, ubongo huchelewa kutoa melatonini, homoni inayoujulisha mwili kwamba giza limeingia. Tafuta ya 2700K, ile ya manjano, uiweke chini pembeni mwa kitanda.

Kuna na taa usiyoweza kuizima: ile ya usalama kwenye korido. Bedsita nyingi, yaani nyumba za chumba kimoja, za mitaa kama Zimmerman au Pipeline, dirisha linatazama korido au ukuta wa jirani. Hapo pazia la neti ni urembo tu. Nenda soko la Gikomba utafute zito la mitumba, pana kuliko dirisha, maana mwanga hupenda kupenya pembeni.

Kuhusu kelele, wanaobandika trei za mayai ukutani wanajisumbua. Zinapunguza mwangwi wa ndani kidogo, baa ya ng'ambo utaisikia vilevile. Sauti huzuiwa na kitu kizito na kwa kuziba nyufa, hasa chini ya mlango. (Kama unatumia jiko la makaa humo ndani, usizibe chochote. Hewa yake ya sumu huua mtu akiwa amelala.)

Lakini kesi kubwa ni kitanda. Kwenye bedsita kitanda ndicho sofa, ndicho meza ya chakula, ndicho ofisi. Mwaka 1972 mwanasaikolojia Mmarekani, Richard Bootzin, alieleza njia ambayo hadi leo imo katika tiba ya kukosa usingizi: kitanda kiwe cha kulala tu, na usingizi ukikataa, uondoke, urudi ukiusikia unakuja. Sawa, lakini uondoke uende wapi na chumba ni kimoja? Jibu langu ni kiti, hata cha plastiki, kilichokipa kitanda mgongo, na pazia la katikati kama lile mama zetu walilotumia kuficha kitanda wageni wakija. Laptopu na sahani ya ugali zibaki upande wa kiti.

Wenye majengo nao wana lao. Wanaweka swichi moja, mlangoni. Umeshaanza kusinzia, inabidi uinuke, uvuke chumba, uzime, urudi ukipapasa gizani, usingizi umesharuka. Swichi ya pili kando ya kitanda ingewagharimu waya wa mita chache wakati wa ujenzi. Ukiamua kujiwekea mwenyewe, fundi atachimba ukuta, na siku ya kuhama mwenye nyumba atakukata deposti.