Sukari ikipanda, mtu wa shifti ya usiku aulizwe pia saa za kula na kulala

Punguza kula, fanya mazoezi. Mtu mwenye kisukari anaambiwa hivyo kila akienda kliniki na si uongo. Ila mtu anayekesha kazini akiambiwa hayo tu, bila kuulizwa anakula saa ngapi na analala saa ngapi, mimi naona anaonewa kabisa.

Jeni za saa ya mwili, ile inayoupangia mwili muda wa kulala na kula, kama CLOCK na BMAL1 hazifanyi kazi kwenye ubongo peke yake, zipo kwenye ini, misuli, mafuta mpaka kongosho. Mwaka 2010 watafiti walizima BMAL1 kwenye kongosho la panya, kwingine wakaiacha, na panya wakapata kisukari maana insulini, homoni ya kongosho inayoshusha sukari, ilikuwa haitoki ya kutosha. Sasa hapo ulafi uko wapi?

Wanaosema tatizo ni wingi wa kalori tu wanajibu kwamba hakuna binadamu aliyezimwa jeni nzima namna hiyo, na kweli, tofauti za kurithi tunazozijua, mfano za jeni ya MTNR1B, ya kipokezi cha melatonini, homoni ya usiku, zinapandisha sukari ya asubuhi kidogo tu. Pia wana jaribio la China la 2022, watu 139 wanene wote wakapunguziwa kalori, kundi moja likala kati ya saa 2 asubuhi na saa 10 jioni tu, baada ya mwaka uzito wao haukutofautiana kwa kiasi kikubwa na wa kundi lingine. Hoja nzito hiyo. Lakini halikuwa jaribio la kula usiku wa manane.

Takwimu ninayoirudia kila mara ni ya manesi wa Marekani, zaidi ya 170,000, iliyotoka 2011. Waliofanya shifti za usiku za kupokezana miaka 20 au zaidi, hatari ya kisukari aina ya pili ilikuwa juu kwa asilimia 58 kuliko wasiozifanya, uzito ukiingizwa kwenye hesabu inashuka mpaka 24. Wengi wanaishia hapo, unaona, ni unene tu! Jamani, na huo unene umetoka wapi? Kama kukesha ndiko kunakomnenepesha huyu nesi basi ukiutoa uzito umetoa na sehemu ya madhara yenyewe, na bado hiyo 24 imebaki, haijaelezwa na uzito. Ni kweli utafiti wa kufuatilia watu hauthibitishi chanzo, ndiyo maana napenda jaribio la 2021, watu 19 wakaigizishwa kazi ya usiku maabara, waliokula usiku wastani wa sukari ulipanda asilimia 6.4, waliokula mchana tu haukupanda.

Watu 19 ni wachache na siku zilikuwa chache, sidai zaidi ya hapo. Ila daktari anaweza kuanza leo kuuliza saa za kula, na anayetumia insulini au vidonge vya sukari asihamishe milo mwenyewe kabla ya kuongea naye, sukari inaweza kushuka vibaya akiwa kazini.