Kipimo cha vinasaba kwa wanaoharisha: kinaona mno, au sisi tunaona kidogo?

Lawama kubwa dhidi ya vipimo vya vinasaba kwa wagonjwa wa kuharisha, vinavyotafuta vinasaba vya vijidudu kwenye choo, ni kwamba vinaona mno. Si lawama ya uongo. Hospitali za Marekani zilipoanza kutumia PCR, yaani kipimo hicho cha vinasaba, kutafuta jeni ya sumu ya Clostridioides difficile (C. difficile), bakteria wanaoweza kuharisha mtu, wagonjwa waliongezeka kwenye vitabu. Utafiti wa California uliochapishwa mwaka 2015 ukaonyesha kuwa waliokutwa na jeni bila sumu yenyewe walipata nafuu vizuri hata wasipotibiwa. Mtu anaweza kuwa na bakteria hao tumboni wasimfanye kitu.

Lakini mashaka ya California yakifika Temeke, hapa Dar es Salaam, hukuta hali nyingine. Sampuli ya choo inatoka Chanika, inangoja usafiri, inakaa foleni kwenye joto la Februari. Shigella, bakteria wa kuhara damu, hawavumilii safari hiyo. Wengi hufa kabla ya kufika kwenye sahani ya maabara ya kuoteshea bakteria. Tena mgonjwa mara nyingi ameshapitia duka la dawa na kumeza antibiotiki ya sipro. Maabara inaotesha siku mbili tatu, kisha inaandika: hakuna kilichoota. PCR haihitaji bakteria aliye hai, na majibu hutoka ndani ya saa chache.

GEMS, utafiti mkubwa wa kuhara kwa watoto, ulichukua sampuli za watoto wa nchi saba za Afrika na Asia, majirani zetu Kenya na Msumbiji wakiwemo. Mwaka 2016 matokeo ya kuzipima upya kwa vinasaba yalichapishwa: kuhara kunakotokana na Shigella kulikuwa takriban mara mbili ya makadirio ya awali yaliyotokana na kuotesha. Mara mbili! Na asije mtu akasema waliohesabiwa ni wabebaji tu, yaani wenye bakteria wasiowaumiza, kwa sababu kila mtoto mgonjwa alilinganishwa na mtoto asiyeharisha wa eneo lake, na wabebaji wakazingatiwa kwenye hesabu. Kwa hiyo karibu nusu ya tatizo ilikuwa imejificha nyuma ya sahani tupu. Ni watoto wangapi hapa mjini wanaandikiwa kuhara kwa kawaida wakati wana Shigella?

Kuotesha kuna sifa moja ambayo PCR ya kawaida haina: kunaonyesha ni dawa gani bado inawaua bakteria waliopatikana. Katika jiji ambalo sipro inauzwa kama njugu, hilo si dogo. Gharama nayo ipo, maana katriji za kupimia PCR huagizwa nje. Ndiyo maana sioni sababu ya kufunga meza za kuoteshea. PCR itangulie kwa mtoto aliyezidiwa au mgonjwa aliyelazwa, na sampuli iliyokutwa na bakteria ioteshwe papo hapo, kabla mgonjwa hajaanza dawa.

Kwa C. difficile masharti yawe makali zaidi: apimwe anayeharisha kweli, hasa aliyetumia antibiotiki karibuni. Choo kigumu maabara ikirudishe.