Mzee wa kanisa ana miaka 36, mama yangu kapewa sukari

Jumapili iliyopita nimetumiwa video kwenye grupu la wadau wa usharika wetu wa nyumbani, kule migombani. Jumapili ya Wazee. Wamepangwa mbele kwenye viti vya plastiki, wote wamevishwa kitenge cha sare, MC (ndiyo, ibadani kuna MC siku hizi, tumefika huko) anawaambia "wazee wetu hebu tupungieni", wanapunga. Halafu wanaitwa mmoja mmoja, sukari kilo mbili, mche wa sabuni, mafuta ya kula lita moja. Makofi, vigelegele, kamera inasogea karibu. Anayegawa ni mzee wa kanisa, kijana ambaye mimi namaliza form four yeye alikuwa bado anakimbiza matairi barabarani, sasa ana miaka 36 na ndo "mzee". Mama yangu ana 74. Kapokea kwa mikono miwili, kakunja goti, lile lile goti ambalo kila mwezi natuma hela ya dawa yake, akamwambia, "Asante mzee."

Nimeirudia ile sehemu mara tatu nikiwa kwenye daladala, mpaka konda akadhani sitaki kulipa nauli.

Najua mtakuja kusema nina kiburi cha mjini, bei ya sukari unaijua wewe? Naijua. Sukari ilipokelewa na imeshanywewa chai, sina neno nayo. Swali langu ni hili, hao wazee mnawapa nini Jumatatu?

Ngoja niwaeleze kuhusu mama. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, akastaafu akiwa na 60 kama sheria inavyotaka, kiinua mgongo kikachelewa kuja na kikawahi kuisha, hayo mnayajua. Lakini hakutikisika, kwa sababu alikuwa na shule ya Jumapili. Miaka 31 amefundisha watoto pale. Jumamosi jioni nyumbani kwetu ilikuwa ni siku ya mkasi, anakata picha kwenye kalenda za zamani, anabandika kwenye maboksi, Daudi huyu, Goliati huyu (Goliati wake alikuwa mchezaji mpira mmoja wa Ulaya, tumemkuza tukijua ndo sura ya Goliati). Watoto wanakaa kwenye mkeka chini ya mparachichi kwa sababu chumba walichoahidiwa hakijawahi kupata madirisha. Ukikosea sala ya Bwana anakurudisha mwanzo bila hasira, ukicheka unachapwa na kijiti cha mbuni, na mimi kama mtoto wake nilichapwa hata nisipocheka.

Sasa miaka minne iliyopita ukaja utaratibu mpya, huduma ya watoto ifanywe na vijana wenye nguvu, iendane na wakati, kuna projekta na nyimbo za kurukaruka. Mama akaitwa mbele, akapewa cheti kwenye fremu na kanga doti moja, akaambiwa, "Mama yetu, umefanya kazi kubwa, sasa pumzika."

Pumzika! Hivi hilo neno sisi huwa tunamwambia nani? Tunaliandika kwenye msalaba wa kaburi.

Na alipumzika kweli. Saa moja jioni kalala. Presha ikaanza kupanda na kushuka yenyewe, daktari akapima hiki na kile, akabadilisha vidonge, hakuna cha maana alichoona. Jumamosi jioni, anasema dada anayekaa naye, anakaa kwenye kiti mlangoni na mikono ipo tu mapajani kama mtu anayesubiri gari. Nikipiga simu ananiuliza leo ni siku gani. Mtu ambaye maisha yake yote wiki ilikuwa inahesabiwa kuelekea Jumapili, ananiuliza mimi leo siku gani.

Mimi sio mpenzi sana wa "utafiti wa Marekani unaonyesha", lakini hili lilinifanya nisome. Kuna ule uliotoka 2016, uliofuatilia manesi wanawake zaidi ya elfu 70 kwa miaka 16, waliokuwa wanakwenda ibadani zaidi ya mara moja kwa wiki walikuwa na hatari ya kufa pungufu kwa kama asilimia 33 wakilinganishwa na wasiokwenda kabisa. Basi wachungaji wakilipata hilo wanalitangaza madhabahuni, njooni kanisani muishi sana. Sawa. Ila kuna mwingine wa Chicago, 2010, wazee zaidi ya 900, waliulizwa kama maisha yao bado yana lengo, bado yana kitu cha kuendea. Waliosema ndiyo kwa nguvu walikuwa na nafasi kama mara mbili na nusu zaidi ya kutopata ule ugonjwa wa kusahau, kuliko wale ambao lengo lao lilikuwa dogo. Watafiti wenyewe wanakuwa waangalifu, hawasemi moja kwa moja hiki kimesababisha kile. Mimi sio mtafiti, mimi ni mtoto wa mtu, nimeona.

Na kinachoniuma ni kwamba kanisa halihitaji Chicago kulijua hilo, limeandikwa kwenye kitabu kile kile tunachokishika kila Jumapili. Kalebu ana miaka 85 anamfuata Yoshua hamwombi posho ya wazee, anaomba apewe mlima, tena mlima wenye majitu. Musa kasimama mbele ya Farao ana 80, kaka yake ana 83. Yule nabii mwanamke aitwaye Ana, binti Fanueli, mjane wa miaka 84, hatoki hekaluni, na yeye na mzee Simeoni ndo waliomtambua mtoto Yesu wakati makuhani wenye nguvu wako bize na ratiba. Hao wote wangekuwa usharika wetu wangekuwa wameshakula sukari. Na kustaafu kwenyewe, mahali ninapokuona kwenye Biblia ni Hesabu 8, Mlawi, yule mhudumu wa hema la ibada, akifika miaka 50 aache ile kazi nzito, sawa, lakini hakuambiwa aende nyumbani, kaambiwa aendelee kuhudumu na ndugu zake pale pale hemani. Yaani Mungu alimpunguzia mizigo hakumfukuza. Sisi tunamfukuza kwa keki.

(Wakatoliki msicheke. Najua mna siku yenu ya mababu na mabibi, Papa Fransisko aliianzisha 2021, Jumapili ya nne ya Julai, ni nzuri. Lakini nyie ndo askofu akifika 75 anaandika barua ya kuomba kung'atuka, halafu huyo Papa mlimchagua ana 76. Kwa hiyo mnajua kabisa kwamba mtu wa 76 anaweza kuongoza dunia nzima, ila mama mwenye 70 haruhusiwi kusoma somo la kwanza kwa sababu anasoma taratibu.)

Haya, nakubali, kwa shingo upande, kuna wazee wanaohangaisha. Tulikuwa na mweka hazina mmoja pale, Mungu amrehemu, alikataa kukabidhi ufunguo wa kasiki kwa miaka miwili, anakuja nao ibadani umefungwa kwenye leso, akitakiwa kuutoa anaanza kukohoa. Kwaya kuu ilikuwa na soprano ambazo zilishakuwa kitu kingine. Na mama yangu mwenyewe, niseme ukweli, alishaanza kuwachanganya watoto, anamwita mtoto jina la baba yake, habari ya Samsoni aliirudia wiki tatu mfululizo. Kijana mwenye maono yake akiangalia hayo ni lazima achoke. Lakini kati ya kushika darasa zima peke yako na kukaa mlangoni hakuna kitu hapo katikati? Angeshindwa kusimamia watoto 60, asingeshindwa watatu. Asingeshindwa kumkalisha huyo mwalimu mpya na projekta yake, akamwonyesha mtoto mtukutu unamfanyaje.

Kwanza mwaka jana ulitokea msiba wa ghafla pale kijijini, saa tano usiku, mama kijana kafiwa na mume, vijana wa usharika wamefika na spika na jenereta, turubai limesimama vizuri, na hakuna hata mmoja anayejua amwambie nini yule mwanamke. Anapiga kelele ndani wao wako nje wanapanga viti. Mtu akasema mwiteni Mwalimu. Mama aliyekuwa amelala tangu saa moja aliamka akavaa viatu mwenyewe, akapanda bodaboda, naomba msiniulize kuhusu goti, akaingia akakaa chini na yule mjane mpaka asubuhi. Hakuhubiri. Alianzisha zile nyimbo za zamani bila kitabu, wakapokea wakina mama wengine wenye umri wake, ambao nao walikuwa wamefuatwa. Dada ananiambia wiki ile yote mama alikula vizuri na alikuwa anajua siku. Halafu mazishi yakaisha, kamati ikashukuru "vijana wetu kwa kujitoa", akarudi kwenye kiti.

Kazi zipo jamani, hapo ndo huwa naongea mpaka natokwa na mate. Mafundisho ya ndoa yanatolewa na kijana aliyeoa mwaka juzi, wakati kuna wazee wamekaa miaka 50 na mtu mmoja na wanajua mahali panapouma na panapochekesha, mwulizeni mzee yeyote alivyosamehe na alivyosamehewa muone kama hao wachumba watasinzia. Watoto wa kipaimara wanakariri katekisimo kama jedwali la kuzidisha, mpe kila mzee watoto wawili, waende kwake Jumamosi, wamchotee maji, naye awaeleze. Kuna wagonjwa wamelala ndani mwaka mzima Chakula cha Bwana kimewafikia mara mbili, kwa sababu mchungaji ni mmoja na mitaa ni mingi na pikipiki haina mafuta, na wakati huo huo kuna bibi wa nyumba ya tatu mwenye muda wote wa dunia ambaye hakuna aliyemwambia, "Bibi, huyu ni wako, kila Jumatano ukamsalimie." Hata kama ni kukaa getini kusalimia watu kwa majina na majina ya babu zao. Mpe zamu. Andika jina lake kwenye karatasi ya zamu ubandike mlangoni, na asipokuja mtu aende kumuuliza kwa nini hukuja. Hilo la mwisho ndo kubwa kuliko yote, maana mama hajaulizwa "mbona hukuja" kwa miaka minne.

Mengine nayapitia haraka. Spika zenu zinaua masikio, punguzeni. Choo kina ngazi saba. Mahubiri ya "ukiwa na imani hilo goti litapona leo" muwe mnawahubiria wenye miaka 20, mzee wa watu anatoka anajilaumu kwamba hana imani. Bahasha za sadaka zenye namba kwa mtu asiye na kipato ni aibu. Na Zanzibar tangu 2016 mtu akifika 70 ana pensheni hata kama hakuwahi kuajiriwa, huku bara mkulima wa kahawa hana kitu kama hicho, na sijawahi kusikia mimbari yetu ikilisema kwa sauti ile ile inayotumika kukumbusha ahadi za jengo.

Jengo. Ehe, hapo sasa najikamata mwenyewe. Kwa wasiojua, kijiji chetu Januari mpaka Novemba ni wazee na wajukuu tu. Wao ndo wanafagia kanisa, wao ndo wanaleta ndizi na maziwa na kuku wa mnada baada ya ibada, wao ndo wanauguza na kuzika. Lakini kamati ya ujenzi iko Dar, kwenye WhatsApp, ni sisi. Tunaamua vigae vya rangi gani kwa watu ambao hatukai nao, Desemba tunapanda na magari kuja kuona vigae. Mimi nimeshalipa ahadi yangu ya jengo yote, na risiti ninayo, na kwa mama mara ya mwisho kwenda ni Pasaka. Yesu aliwasema Mafarisayo kwa hilo hilo, mtu anawaambia wazazi wake kilichokuwa chenu nimeshakitoa Korbani, yaani sadaka kwa Mungu, halafu anaona amemaliza na Mungu. Nimelisoma juzi usiku Marko 7, nikazima simu.

Asubuhi nikaiwasha nikampigia mama. Nikamwambia pole kwa lile la sukari. Akashangaa, pole ya nini, sukari nzuri. Kimya kidogo. Halafu akaniuliza, "Hivi yule mwalimu mpya wa watoto ulimuona kwenye video? Anashika watoto mkono wa kushoto wote upande mmoja, watamponyoka." Ameona hilo kwenye video ya sekunde kumi, na miwani ya kusoma anaihitaji.

Nikaandika grupuni. Nimeandika kwa heshima kabisa, Bwana Yesu asifiwe wapendwa, napendekeza wazee wetu wapewe majukumu, nikaeleza kidogo la zamu na la kipaimara. Watu 112 wamesoma, mimi nimewahesabu. Mmoja ameweka ile mikono ya maombi. Katibu amejibu wazo zuri mno, litaingia kwenye mengineyo kikao cha Desemba. Halafu mweka hazina akaweka orodha ya ambao hawajamaliza michango ya vigae.