Ada ya kila mwezi na fomu ya hisa: kipi kinamnyonya mnyonge?

Wapo wanaosema mwananchi wa kawaida anamalizwa na malipo ya kila mwezi: runinga, intaneti ya nyumbani, nyimbo za simu. Heri pesa hiyo ingeingia kwenye hisa, wanasema, angalau awe na mali. Hoja ina uzito, ila inasahau jinsi hisa zenyewe zinavyouzwa.

Mwaka 2008 serikali ya Kenya ilipouza asilimia 25 ya kampuni ya simu ya Safaricom, kila hisa ilikuwa shilingi 5 na kima cha chini hisa 2,000. Yaani shilingi 10,000 kwa mkupuo mmoja. Hata hapa Kisumu watu walijaza fomu, wengine kwa mikopo. Maombi yakazidi hisa zilizokuwepo zaidi ya mara nne. Wengi waliambulia kama moja ya tano ya walichoomba, na salio likakawia kurudi. Aliyekopa akalipa riba ya pesa iliyolala. Kabla mwaka haujaisha, hisa ilikuwa imeshuka chini ya shilingi 5. Waliovumilia waliiona ikipita 40 mwaka 2021, lakini kuvumilia ni kwa mwenye kitu kingine cha kula.

Sasa mtazame mwenye kibanda cha kuonyesha mpira kule Kondele. Ligi ya Uingereza ikianza Agosti, analipia king'amuzi na kukusanya kiingilio mlangoni. Ligi ikiisha Mei, halipi. Picha inakatika, na hadaiwi na mtu. Kwake ada hiyo ni mtaji, kama unga kwa mpika chapati. Hapo mimi sioni unyonyaji.

Unyonyaji uko kwenye ule ujumbe wa utabiri wa mechi, au wimbo wa simu, ambao mtu alibonyeza 1 bila kusoma na sasa unamkata kredo kila asubuhi. Kwenye hisa, ukinyamaza hununui. Hakuna kampuni itakayokukata pesa ikuongezee hisa eti kwa sababu ulinunua mwaka jana. Huku, kunyamaza ndiko kukubali. Muuza omena anaweka kredo ya 20 ampigie mteja, anakuta imebaki 10, na hajui imeliwa na nini.

Kwa maoni yangu, huduma za namna hii zimtake mteja abonyeze upya kila mwezi. Wauzaji watalalamika kwamba usumbufu huo utawafukuzia wateja, na kweli wengine watapotea: wale ambao hawakuwa wanajua kama ni wateja.